Mtoto wa Zamu ya Maji

Nimestaafu nikiwa na meno yangu yote. Najua neno hilo linawachekesha, kwa sababu mstaafu mnayemjua ni mzee anayefuatilia pensheni yake kwenye ofisi za serikali, nami sijafika hata arobaini na ninauza dawa za mifugo hapa Garissa mjini. Lakini kazi niliyoifanya Ijara kwa miaka kumi na kitu, ya kufundisha watoto viziwi na wengine wenye mahitaji maalumu, nimeiacha kabisa. Mimi si mtu wa kukaa mahali pamoja, na nilitaka kuondoka nikiwa bado naipenda.

Ninyi mnaosomea ualimu huu mnapita dukani kwangu mkitoka chuoni, mnaniuliza, "Abaayo," yaani dada, "kule Ijara kukoje?" Nimechoka kujibu huku nikipima dawa ya kupe. Naandika mara moja, msome wote.

Na nitaandika juu ya jambo moja, mahudhurio, ambalo mimi mwenyewe sikuliamini. Chuo kikuu nilikuwa mwanafunzi wa kuinua mkono. Mhadhiri akisema mtoto mwenye ulemavu anahitaji kuja shule kila siku kuliko mtoto mwingine yeyote, nilimuuliza ametoa wapi hiyo. Mtoto anayewekwa nyuma ya darasa asilolielewa, amehudhuria nini? Shule ikiwa mbaya, si ni kumpa ubaya kila siku? Wenzangu walikuwa wakiguna nikiinuka. Bado nauliza maswali hayo, na ninyi myaulize. Ninachowaambia leo sikukipata kwa kuamini. Nilibishana nacho mpaka kikanishinda.

Aliyenishinda kwanza ni mwalimu Kilonzo, mkuu wa kitengo chetu cha mahitaji maalumu ndani ya shule ya kawaida. Ni mtu wa Kitui aliyekaa Ijara mpaka akawa anakunywa maziwa ya ngamia bila kukunja uso, na Kisomali chake kilikuwa na matusi mengi kuliko salamu, maana alijifunzia sokoni. Siku niliporipoti aliniambia, "Kazi yetu hapa ni moja tu. Waje kila siku."

"Waje kufanya nini?" nikamuuliza.

Akanitazama. "Wewe kweli umetoka chuo kikuu. Kesho njoo kabla ya kengele, ukae pale nyuma, unyamaze. Utaweza?"

"Nitajaribu."

"Darasa la viziwi," akasema, akitikisa kichwa, "halafu mwenye kelele awe mwalimu."

Kesho yake nikakaa nyuma. Kipindi cha kwanza kiliitwa Habari ya Jana. Kila mtoto alisimama mbele akasimulia kwa ishara jambo moja lililotokea tangu walipoachana. Mvulana mmoja alisimulia kwamba mbuzi wao amekula shungi la mama yake. Hakujua ishara ya shungi, akaichora kichwani kwa vidole, na Kilonzo akampa ishara yenyewe. Darasa zima likairudia. Nikajiambia, hii ni michezo tu, somo liko wapi?

Siku iliyofuata watoto walitaka kujua mbuzi anaendeleaje. Anaumwa tumbo. Ishara ya tumbo ikaingia, na ya kuumwa. Siku ya baadaye, mama amenunua shungi jipya, la rangi gani? Ikaingia rangi. Halafu mbuzi akapona na mama akaapa kumchinja, na darasa likagawanyika kati ya wanaomtetea mbuzi na wanaotaka nyama, wakabishana kwa mikono mpaka kengele ya mapumziko ikawapita. Wiki nzima ya lugha ilitoka kwa mbuzi mmoja mwenye njaa. Mtoto ambaye hakuwapo siku ya kwanza aliketi pale akitazama mikono ikiruka, asijue ni mbuzi gani, ameleta kesi gani.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Mtoto anayesikia akikosa shule wiki moja, lugha inamfuata mpaka nyumbani. Anaisikia kwa mama, kwa redio, kwa watu wanaogombana nje. Anakosa hesabu na sayansi, lakini maneno yanaendelea kumwingia hata akiwa amelala chini ya mti na mbuzi. Mtoto kiziwi ambaye nyumbani hakuna anayejua ishara akitoka getini ametoka kwenye lugha. Nyumbani ananyooshewa kidole: leta, nenda, kula. Haambiwi kwa nini. Kwa mtoto huyo shule ndiyo pahali pekee duniani penye mazungumzo, na mazungumzo hayangoji mtu.

Msinielewe vibaya. Sisemi kila anayekuja anajifunza. Kuna wakati mwalimu mkuu alikuwa na upungufu wa walimu, akaja kumuazima Kilonzo akasimamie Gredi ya Saba. Hilo mtalikuta kila mahali: kitengo chenu kitaonekana kama ghala la walimu wa akiba. Kilonzo hakubishana. Alisema, "Sawa, mkuu," akawapanga watoto wetu mstari, akaingia nao wote Gredi ya Saba, pamoja na mtoto mmoja aliyekuwa na tabia ya kukumbatia kila mtu aliye karibu naye. Kufikia saa nne Gredi ya Saba walikuwa wameshakumbatiwa wote. Hatukuazimwa tena muhula ule. Basi mnapohesabu mahudhurio, anzeni na ya kwenu. Mtoto akitoka mbali kuja kukuta kiti cha mwalimu kitupu, mzazi wake hana kosa akimweka nyumbani.

Sasa niwaambie habari ya Hibo.

Hibo alikuwa na miaka tisa hivi alipoletwa. Baba yake, tuliyemwita Adeer Bare, yaani ami Bare, alikuwa na ngamia na makazi yake yalikuwa upande wa barabara ya Sangailu. Alikuwa mtu mrefu mwenye ndevu za hina, na alimleta binti yake mwenyewe kwa mkokoteni wa punda, akatusalimia kwa heshima zote, akaondoka. Hibo alikuwa na macho makali. Asubuhi ile ile alishika ishara ya maji, ya maziwa na ya mama. Nilirudi nyumbani nimejaa furaha.

Kesho yake hakuja. Kesho kutwa hakuja. Alikuja baada ya wiki na kitu, ameoga, sare imefuliwa, na zile ishara tatu zote zimepotea. Tukaanza upya. Akapotea tena. Akarudi tena. Ilikwenda hivyo miezi na miezi. Siku akija, anakuja mapema kuliko wote. Siku asipokuja, hakuna salamu wala sababu, na simu ya baba yake iko nje ya mtandao.

Nikaanza kumwandama Kilonzo. "Huyu mtoto labda ana tatizo jingine, mbali na masikio. Nimemfundisha maji mara ngapi?"

"Labda analo," Kilonzo akasema. "Wewe umemwona siku ngapi mfululizo?"

Nikahesabu. Hata mbili hazijafika.

Kuna jambo jingine lililonionyesha. Watoto viziwi hupeana majina ya ishara, na jina hupewi siku ya kwanza. Wenzako wanakutazama kwanza: unavyocheka, unavyokimbia, kovu lako liko wapi. Wakishakuzoea, mmoja anakubandika jina na wengine wanalichukua. Mimi nilipewa la mkono ulioinuliwa, na msiniulize kwa nini. Kilonzo alikuwa tumbo. Hibo hakuwa na jina. Wakitaka kumtaja walinyoosha kidole, kama wanavyonyooshea kitu. Mwaka ulikuwa unaisha, na darasa zima lilikuwa bado halijamwona vya kutosha kumpa jina.

Mwalimu mkuu, naye alikuwa mtu mwema lakini mwenye haraka, alimtuma chifu. Chifu akapita makazi yale na maneno makali kuhusu wazazi wanaonyima watoto elimu. Ikawa kosa kubwa, na mnisikilize vizuri hapa. Asubuhi moja Adeer Bare aliingia kitengoni, Hibo akiwa nyuma yake, uso wa mzee umekuwa mweusi kwa hasira. Alimwendea Kilonzo moja kwa moja, kwa Kiswahili.

"Mwalimu, mimi nabeleka mtoto yangu shule kila zamu ya maji. Hata moja sijakosa. Kosa yangu iko wabi?"

Kilonzo akaduwaa. "Zamu ya maji?"

"Zamu ya maji! Wewe nakaa Ijara miaka yote hii, hujui zamu?"

Nikaingilia kwa Kisomali, na kuanzia hapo tuliongea Kisomali. Nawaandikia kwa Kiswahili. Nilimwomba aketi. Akakataa. Akaeleza akiwa amesimama, kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto.

Ngamia hawanywi kila siku. Kiangazi wanakaa wiki na zaidi, halafu wanaletwa kisimani. Kisima kina foleni, na kila familia ina zamu yake. Zamu ikikupita umeua mifugo yako, kwa hiyo hakuna mtu anayekosa, hata akiwa mgonjwa, hata akiwa na msiba. Yeye alipoambiwa mtoto lazima aje shule bila kukosa, alimfunga kwenye kitu kisichokosekana kuliko vyote anavyovijua. Kila zamu yake alimleta Hibo kwenye mkokoteni, akamwacha shuleni, akanywesha ngamia, akampitia. Mvua, jua, hajakosa. Wazazi wengine wanaleta watoto leo, kesho hawaleti, wanaleta wanapokumbuka. Yeye ana utaratibu. Halafu chifu anakuja kumtukana mbele ya wake zake.

Mimi nilimdhania mzembe mwaka mzima. Kumbe hapakuwa na mzazi mwenye nidhamu kumliko.

"Na sasa nimekuja kumchukua," akasema. "Nimewapa mwaka. Mwaka mzima, abaayo! Hata maji hajui kuomba. Tunahama hivi karibuni. Dada yake anaolewa, nahitaji mtu wa kuchunga ndama. Shule haikumfaa, na si kosa lenu wala langu. Mungu ndiye aliyemuumba."

Mnaona kilichokuwa hatarini? Hibo akiondoka siku ile, haondoki na elimu ndogo. Anaondoka bila lugha yoyote. Angekaa maisha yake yote na ishara za leta, nenda, kula, akaolewa na mtu ambaye hawezi kumuuliza jina lake. Na muda wa kichwa cha mtoto kushika lugha kwa urahisi haukai wazi milele. Niliyajua hayo kutoka kwenye vitabu, na vitabu havikunipa la kumwambia mzee aliyesimama na bakora.

Basi nikajaribu ujanja. Mimi msichana wa mjini, niliyezaliwa nyuma ya maduka ya Garissa, nikaamua kumfundisha mfugaji kwa mfano wa ngamia. "Adeer," nikasema, "mtoto mdogo si ngamia mkubwa. Ni ndama. Ndama ananyonya kila siku mpaka ashibe."

Akanitazama kwa huruma. "Mpaka ashibe? Nani amekwambia?" Akanieleza kwamba kiangazi chuchu mbili hufungwa ziwe za watu, ndama anabaki na mbili, na ndama anayeshiba anamaliza familia. "Abaayo, wewe ngamia umemjulia kwenye sufuria."

Kilonzo alicheka mpaka akashika meza. Hata mzee akatabasamu, na nadhani kicheko kile ndicho kilichomfanya aketi. Kengele ikagongwa, watoto wakaingia, na Kilonzo akamwambia, "Kaa kidogo, mzee. Utaondoka naye baada ya kipindi hiki. Kipindi kimoja tu."

Habari ya Jana ikaanza. Wa pili kusimama alikuwa Sahra, binti wa yule anayeendesha mashine ya kisima. Alikuwa kiziwi kama Hibo, rika lake, na hakuwa na akili za ajabu. Tofauti yake ni kwamba nyumba yao iko karibu, anakuja kila siku. Sahra akasimulia kwamba jana kisimani palikuwa na zogo. Akachora kidevuni ndevu ndefu, akaonyesha rangi ya hina. Mwenye ndevu ameleta ngamia. Ngamia mmoja, yule mkaidi, ameruka foleni na kupiga hori teke. Maji yamemwagika. Mwenye ndevu anapiga kelele, anatupa bakora, anakimbia, matope, miguu juu!

Darasa likaangua kicheko. Adeer Bare hakujua ishara hata moja, lakini mtu anajijua.

"Huyo ni mimi?"

"Sijui, adeer," nikasema. "Wewe ulianguka jana?"

"Nani amemwambia?"

"Amejionea. Sasa anawaambia wenzake."

Akamtazama Sahra kwa muda, na sikuona hasira. Watoto walikuwa wanamuuliza Sahra maswali: ngamia wa nani, hori limevunjika, baba yako alisema nini? Naye anajibu. Anaongeza chumvi, kama mtu yeyote mwenye hadithi nzuri. Kisha mzee akageuka kumtafuta Hibo.

Hibo alikuwa amesimama. Alikuwapo kisimani jana, kwa kuwa safari hii zamu yao iliangukia jioni, shule imeshafungwa, na familia ikalala karibu na hapo, na ngamia yule mkaidi alikuwa anamjua tangu akiwa ndama. Ameona yote kuliko Sahra. Alikuwa ananyoosha kidole kwa baba yake, kwa Sahra, nje upande wa kisima, anafungua mdomo, anapiga mapaja yake, ananyoosha kidole tena. Hadithi ilikuwa yake na haikutoka. Watoto wakamsubiri kidogo, wakageukia aliyefuata.

Mzee aliinamisha kichwa. Tulimwacha.

Baadaye akasema, polepole, "Huyu wa kisimani. Alikuja hapa lini?"

"Muhula mmoja na Hibo."

"Na yeye si mwerevu kuliko wangu."

"Hata kidogo."

Hapo Kilonzo alifanya jambo ambalo ningependa mlibebe kuliko yote niliyoandika. Hakumhubiria mzee umuhimu wa elimu. Hakusema lazima. Alivuta kiti akamuuliza, "Mzee Bare, huko kwenu, ni kitu gani kinachofanyika kila siku na hakikosi?"

"Sala."

"Mashallah. Na baada ya sala?"

Mzee akafikiri. "Maziwa."

"Maziwa yanakwenda wapi?"

Maziwa yalikuwa yanakwenda Ijara. Kila asubuhi pikapu ilipita barabara ya Sangailu ikikusanya jerikeni za maziwa kutoka kwa kina mama, ikazishusha sokoni kwa wanawake wanaouza, na alasiri ikarudisha jerikeni tupu. Mmoja wa wauzaji hao alikuwa Eedo Halima, yaani shangazi yake Hibo, dada ya mzee mwenyewe. Maji unaweza kuyasubiri. Maziwa ya asubuhi yakikosa gari, mchana yamechacha.

Mzee alikuwa ameshaliona wazo kabla yetu. "Dereva ni mtoto wa jirani," akasema, kana kwamba anaongea peke yake. "Mbele kuna nafasi. Na tukihama, hatutatoka barabara hii." Kisha akainuka na kumgeukia Kilonzo kwa Kiswahili. "Muhula mmoja. Kama bado hajui kuomba maji, nachukua mtoto yangu."

"Muhula mmoja," Kilonzo akasema. "Na ukifika ukikuta mwalimu hayupo, mchukue siku hiyo hiyo."

Kuanzia wiki ile Hibo akaja na maziwa. Alifika kila asubuhi ananuka moshi, ule moshi wa kusafishia vyombo vya maziwa, na jerikeni moja mapajani, maana dereva alimpa kazi ya kuishika isimwagike. Wiki ya kwanza alitazama tu. Ya pili alianza kuiga. Siku moja alisimama mbele bila kuitwa, akasimulia kwamba gari limekwama mchangani na wanawake wote wameshuka kusukuma isipokuwa mmoja mnene. Ishara zilikuwa chache na nyingine za kubuni, lakini palikuwa na mwanzo, palikuwa na ugomvi, na palikuwa na mwisho. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa na jina: mikono miwili inayokumbatia jerikeni. Sikuwapo lilipotolewa. Niliingia nikakuta wanamwita hivyo.

Swali lile la Kilonzo nimelitumia kwa familia nyingi tangu hapo, na majibu hayakufanana. Kuna mama aliyenijibu kwamba kwao kisichokosa ni gari la miraa la mume wake. Nikawaza kidogo, nikamwambia sawa. Mwanawe, ambaye alikuwa na kiti cha magurudumu kisichoweza kupita kwenye mchanga, alishushwa na gari la miraa mbele ya geti letu kila siku, mwaka mzima, pamoja na kiti chake. Mwalimu mkuu alitaka kuzirai. "Gari la miraa, mwalimu? Wazazi watasema nini?" Nikamuuliza kama ana gari jingine. Hakuwa nalo.

Mkienda makazini, nendeni asubuhi kabla mifugo haijatoka. Mkipewa maziwa, kunyweni, na msiseme mmeshakunywa chai. Msimuulize mzazi ana watoto wangapi. Kwanza watu wetu hawapendi kuhesabu alichowapa Mungu. Pili atakutajia wanaosikia na wanaotembea, na yule unayemtafuta atabaki ndani. Uliza nani anabaki nyumbani wengine wakienda kuchunga. Na mkiambiwa mtoto haji kwa sababu ya uzembe, msiamini mpaka mmeona siku yao inavyokwenda toka asubuhi. Watu wavivu wapo, sikatai. Nimekutana na wachache kuliko nilivyoambiwa.

Hibo aliimaliza mihula kadhaa kwenye pikapu ya maziwa. Maji alikuwa ameshayaomba zamani sana, na mambo mengine ambayo nyumbani hawakuwa tayari kumpa. Halafu mvua ikakosa. Ngamia wakakauka, jerikeni zikapungua, na wiki moja pikapu ikaacha kupita kabisa. Hibo akakaa kwa Eedo Halima mjini siku chache, na tukajua jambo linakuja.

Adeer Bare alikuja kwa miguu kabla ya kengele, amekonda. Wanahama, mbali, upande wa mto, na hajui watarudi lini. Nilijitayarisha kubishana. Nilikuwa na hoja zangu zote, na safari hii hapakuwa na ndama hata mmoja ndani yake. Lakini yeye alikuwa na ombi.

"Abaayo, muulize. Anataka kuja nasi au anataka kukaa kwa eedo yake asome? Mimi sijui kumuuliza."

Hibo alikuwa na miaka kumi na mbili wakati huo, na nadhani ndiyo mara ya kwanza mtu wa familia yake kumuuliza anataka nini. Nikamwita, nikamweleza kwa ishara, taratibu. Alisikiliza kwa macho mpaka mwisho. Kisha mikono yake ikaanza.

"Anasema nini?" mzee akauliza.

"Hajajibu. Anauliza."

"Anauliza?"

"Anauliza mama anakwenda au anabaki. Anauliza ngamia mkaidi yuko hai. Anauliza eedo amekubali, au mnamlazimisha."

Mzee alijibu swali moja moja, nami nikapeleka. Mama anakwenda. Ngamia yuko hai, hafi yule, anatusubiri sisi tufe kwanza. Eedo amekubali. Hibo akafikiri. Kisha akauliza lingine: mvua ikinyesha, nitajuaje mko wapi?

Adeer Bare akachutama pale nje ya darasa, akafuta mchanga kwa kiganja, akachora. Hapa Ijara. Hapa Sangailu. Hapa mto. Akaweka kijiwe mahali watakapolala kwanza, kingine mahali wataenda nyasi zikiisha. Hibo akachutama mbele yake. Akagusa kila kijiwe, akamtazama usoni, na baba yake akaitikia kwa kichwa, ndiyo, hapo. Walimaliza bila mimi. Alipoinuka Hibo aliniambia atakaa, akatengeneza shungi lake, akaingia ndani kwa sababu wenzake walikuwa wameanza kuingia.

Mzee akabaki amesimama. "Abaayo, 'nitarudi' inafanywaje?"

Nikamwonyesha. Akaenda dirishani, akagonga ubao wa dirisha kwa bakora mpaka mtoto mmoja akaona na kumgusa Hibo begani. Akaifanya. Darasa zima likacheka, maana alikuwa amesema kitu kingine kabisa, na sitakiandika hapa. Hibo akatikisa kichwa: hapana. Baba yake akarudia. Hapana. Akaweka bakora chini, akarudia kwa mikono miwili, polepole, akimtazama, mpaka akaipata. Hibo akamjibu 'sawa' kwa mkono mmoja tu, haraka, kama mtu aliye na shughuli, akageuka kutazama mbele.